Cheti cha mizigo ya hatari: shofere anafundishwa nini?

Permi ya kamyo inathibitisha kwamba shofere anaweza kuongoza gari zito. Juu ya mzigo haisemi kitu. Ndiyo maana nchi nyingi zinadai karatasi ya pili, yaani cheti cha mafunzo ya kubeba mizigo ya hatari: esanse, gesi, baruti, sumu, asidi, vitu vya mionzi. Gari nalo lina ukaguzi wake, na karatasi za mzigo lazima ziwe ndani ya kabini.

Kwetu Lubumbashi mfano ulio karibu ni asidi ya salfa. Migodi ya shaba na kobalti ya upande wa Fungurume na Kolwezi inaihitaji sana, na kwa miaka mingi nyingine imeingia kwa kamyo kutoka Zambia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Kibao cha rangi ya machungwa juu ya tangi huandikwa 80 juu na 1830 chini. Namba ya chini ni ya bidhaa yenyewe, kwa orodha ya Umoja wa Mataifa. Ya juu ni aina ya hatari, na 8 ni kitu kinachounguza ngozi na kula chuma. Esanse ni 33 na 1203, na 3 ni kimiminika kinachowaka. Tarakimu ikirudiwa, hatari imezidi. Ukiona X mbele, maji yasiguse mzigo huo.

Mfumo unaojulikana zaidi ni ADR, mkataba wa kimataifa wa kubeba mizigo ya hatari kwa barabara, uliotiwa saini Geneva mwaka 1957. Kongo si mwanachama, lakini masomo yake yanaonyesha vizuri cheti kina nini: vipindi 18 vya dakika 45 kwa somo la msingi, 12 zaidi kwa matangi, 8 kwa baruti, 8 kwa mionzi, halafu mtihani. Cheti hudumu miaka 5. Afrika Kusini, ambako makamyo mengi yanayopita Kasumbalesa hutoka, shofere wa mizigo hiyo lazima awe ametimiza miaka 25.

Kwa nini tangi lina somo lake? Lita moja ya asidi kali ina uzito wa kilo 1.84 hivi; ya esanse haifiki kilo moja. Tangi la esanse ukilijaza asidi mpaka juu, gari linazidiwa. Ukilijaza nusu, mzigo unacheza ndani: ukifunga breki, wenyewe unaendelea kusukuma mbele; ukikata kona, unavuta gari pembeni. ADR inataka tangi kubwa lisilo na vigawanyo ndani lijazwe angalau asilimia 80, au lisizidi 20.

Februari 2019, kamyo ya asidi iligongana na magari mengine kwenye barabara ya Lubumbashi na Kolwezi, wakafa watu wapatao 20. Aliyerukiwa na asidi anaoshwa kwa maji mengi, muda mrefu. Lakini maji kidogo yakiingia kwenye asidi kali yanachemka na kuirusha.

Pale Sange, Kivu Kusini, Julai 2010, tangi la esanse lilipinduka likawaka, wakafa zaidi ya watu 230. Wengine walikuwa wanachota esanse iliyomwagika. Cheti kinamfundisha shofere kuzima injini, kukaa upande upepo unakotoka, kuwarudisha watu nyuma. Hili la mwisho mtu mmoja haliwezi mbele ya umati wenye mabidoni, na mimi ningeanza kuwafundisha pia polisi na machifu wa vijiji vya kando ya barabara maana ya 33 juu ya 1203.