Je, wajua kwa nini zawadi ya udongo hupasuka motoni?

Mwaka jana darasa langu la Gredi ya Nne hapa Kisumu lilifinyanga zawadi za Siku ya Akina Mama. Mengi yalikuwa mabakuli madogo ya kutilia herini na vifungo. Msichana mmoja akajitenga na wenzake, akafinyanga kiboko mnene wa kumpelekea dani, yaani nyanya yake aliyemlea. Tukavianika wiki nzima darasani hadi vikageuka rangi, vikawa vyeupe-vyeupe. Siku ya kuchoma tukapanga kuni uani na kuwasha. Dakika kumi hazijaisha tukasikia paa! Mabakuli yalitoka mazima, ila mawili yaliyopata ufa. Kiboko tulimwokota vipande vipande.

"Mwalimu, si ulisema amekauka?"

Nilisema, na hilo ndilo kosa langu.

Uliza watu kwa nini udongo hulipuka motoni, wengi watakwambia ni hewa iliyonaswa ndani. Hata mimi nilifundishwa hivyo. Lakini hebu tupige hesabu. Hewa ikipashwa hadi nyuzi 800 hutaka nafasi mara tatu na nusu hivi ya ile ya mwanzo, na kwa kuwa udongo uliokauka umejaa vitundu, hewa hiyo hujipenyeza ikatoka polepole. Maji je? Tone la maji likigeuka mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600. Mwenye hatia ni maji, na kiboko wetu alikuwa nayo tumboni.

Yalikaaje humo wiki nzima? Udongo wa mfinyanzi ni vigamba bapa vidogo mno, kila kimoja hakifiki milimita 0.002. Maji yakiwa katikati yake, vigamba huteleza kama sahani zilizorundikwa kwenye karai la sabuni, ndiyo maana udongo mbichi unakubali kila umbo unalolitaka. Maji yakianza kutoka, vigamba husogeleana na kitu kinanywea. Vikishagusana, kunywea kunakoma, rangi inapauka, nasi tunatangaza kwamba kimekauka. Kumbe katikati ya vigamba bado mna maji, na hayawezi kutoka yote, kwa sababu udongo haukauki kuliko hewa inayouzunguka. Sasa fikiria Siku ya Akina Mama huwa lini: Jumapili ya pili ya Mei. Hapa kwetu hiyo ni masika, nguo zenyewe zinalala kambani siku mbili, na ziwa liko hapo mlangoni.

Bakuli jembamba likipata moto, mvuke hauna safari ndefu. Tumbo la kiboko lilikuwa nene kama ngumi. Nje moto unawaka, ndani maji yanafika nyuzi 96 hivi (Kisumu iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,100, hivyo maji huchemka kabla ya nyuzi 100), na mvuke haupati pa kutokea.

Kuna maji mengine tena, haya ni sehemu ya udongo wenyewe, hayaondoki kwa jua hata la mwaka mzima. Huachana nao kati ya nyuzi 450 na 600 hivi. Yakishatoka, udongo haurudi kuwa tope kamwe. Ndiyo sababu vigae vilivyopatikana Urewe, kule Siaya, vikaandikwa na wataalamu mwaka 1948 kwa ajili ya kile kibonyeo chao kitakoni, vilidumu ardhini zaidi ya miaka 1,000. Bakuli la jua tu lingeyeyuka kwa masika moja. Jaribu: litie kwenye ndoo ya maji uende ukanywe chai, ukirudi utakuta tope.

Tulianza upya. Kwanza udongo wenyewe. Mvulana mmoja alileta ule mweusi wa tambarare za Kano, hapa karibu na Kisumu, unaonasa magari wakati wa mvua na kupasuka nyufa za kumeza mguu wakati wa kiangazi. Huo hunywa maji ukavimba, ukikauka unanywea kupita kiasi, kwa hiyo tulimshukuru tukauweka kando. Tukaponda vigae vya chungu kilichovunjika na kuvichanganya na udongo wetu. Chengachenga hizo zilishachomwa, hazinywei tena, na mvuke hupata vichochoro vya kutokea.

Kisha kiboko wa pili. Alipokuwa mgumu kiasi, tulimkata katikati kwa uzi, msichana akamkomba ndani kwa kijiko hadi ngozi ikabaki unene wa kidole. Tukakwaruza kingo, tukapaka uji wa udongo, tukamuunganisha, na chini ya tumbo akatobolewa kwa penseli. Tukamfunika gunia bichi ili miguu na masikio yasikauke kabla ya tumbo yakakatika. Mifuko ya plastiki ingefaa zaidi, lakini ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, na gunia halijatuangusha.

Kila asubuhi msichana alimgusisha shavuni. Udongo wenye maji huwa wa baridi, kwa sababu maji yanayotoka huondoka na joto. "Bado," alisema siku ya kumi. "Bado," siku ya kumi na tano. Wiki ya tatu ndipo shavu lilipokubali, na hata hapo hatukumtumbukiza motoni. Aliota moto pembeni kwa muda wa karibu saa mbili, akigeuzwa-geuzwa kama hindi, ndipo tukamsogeza kwenye makaa na kumfunika kuni.

Dani alimpata Juni, Siku ya Akina Mama imeshapita zamani. Alimgeuza, akaona tundu la tumboni, akauliza ni la nini.

"Hapo ndipo alipopumulia," mjukuu alimjibu.