Je, wajua? Choo cha kioo cha Tokyo hakitumii umeme kukusitiri, kinautumia kukuanika

Katika wilaya ya Shibuya, Tokyo, kuna vyoo vya umma vyenye kuta za vioo vya rangi. Ukipita barabarani unaona kila kilichomo: bakuli la choo, sinki la kunawia, karatasi, mpaka komeo la mlango. Unaingia, unafunga komeo, na kuta zote zinajaa ukungu. Aliye nje hakuoni tena. Ukifungua komeo ili utoke, ukungu unatoweka na kila kitu kinarudi hadharani. Je, kioo kinafanyaje hivyo?

Swali hili nimelijibu mara nyingi mbele za watu, na mara zote nimelijibu vibaya. Nilikuwa na hakika kwamba komeo ni swichi: ukilifunga, umeme unawaka, unaingia kwenye kioo na kukitia giza, kama pazia linaloshushwa kwa mota. Nililieleza jambo hili kwa kujiamini kwa mtu aliyesoma kichwa cha habari na nusu ya aya ya kwanza. Siku moja nikamweleza rafiki yangu ambaye ni fundi umeme. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Na umeme ukikatika wewe umekaa humo ndani?"

Nikamwambia bila shaka kuna betri.

"Betri," akasema, na hakuongeza neno.

Ilibidi nikasome upya, na nikakuta mambo yako kinyume kabisa. Umeme unapita kwenye kioo wakati choo kiko kitupu. Ukifunga komeo, unaukata. Ukungu si kitu kinachoongezwa kwenye kioo. Ukungu ndio hali yake ya mapumziko. Kinachotumia umeme ni uwazi. Umeme ukikatika wewe ukiwa ndani, kioo kinabaki na ukungu wake, na heshima yako inabaki salama.

Nadhani kosa hili ni rahisi kulifanya kwa sababu mbili. Kwanza, vioo karibu vyote tulivyozoea ni angavu, kwa hiyo tukiona kioo chenye ukungu tunauliza ni nini kimefanyiwa. Hatuulizi kamwe kioo angavu kimefanyiwa nini. Pili, kufunga komeo ni kitendo, na mazoea yetu na vifaa vya umeme yanatuambia kwamba kitendo huwasha kitu. Hapa kitendo kinazima.

Kulikuwa na kosa la pili ndani ya lile la kwanza: neno "giza". Kioo hiki hakitiwi giza. Usiku, taa zikiwaka ndani na komeo likiwa limefungwa, kibanda kizima hung'aa kando ya bustani kama taa kubwa ya karatasi. Mwanga unatoka. Kinachokwama ni picha. Ni kama barua iliyochanwa vipande mia na kurushwa upande wa pili wa ukuta: karatasi imefika, ila hakuna anayeweza kuisoma.

Wengine hudhani ni kile kioo cha upande mmoja, kinachokufanya uone nje ilhali wa nje anajiona mwenyewe. Choo cha namna hiyo kiliwahi kuwepo kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 msanii Monica Bonvicini alikisimamisha London, mkabala na jumba la sanaa la Tate Britain, na watu walialikwa kukitumia huku wakiwatazama wapita njia. Lakini kioo kile kinategemea nje kuwe na mwanga mwingi kuliko ndani. Usiku, ukiwasha taa ndani, mambo yanageuka: wewe unajiona mwenyewe, na barabara nzima inakuona wewe. Kwa kazi ya sanaa hiyo ni mada nzuri. Kwa choo cha saa mbili usiku, hapana.

Sasa kwa ufupi, vyoo hivi vilitoka wapi. Ni sehemu ya mradi uitwao The Tokyo Toilet, ulioendeshwa na shirika la hisani la Nippon Foundation kwa kushirikiana na wilaya ya Shibuya. Vyoo 17 vilijengwa kati ya 2020 na 2023, na waliopewa kazi ni wabunifu wa majina makubwa: Tadao Ando, Kengo Kuma, Toyo Ito. Vile vya kioo ni viwili, kimoja Yoyogi Fukamachi na kingine Haru-no-Ogawa, na msanifu wake ni Shigeru Ban, mshindi wa Pritzker ya 2014, tuzo kubwa ya usanifu wa majengo, anayejulikana zaidi kwa majengo ya mirija ya karatasi. Hoja ya Ban ilikuwa nyepesi. Mtu anayekaribia choo cha bustanini ana hofu mbili: je, ni kisafi, na je, kuna mtu amejificha ndani? Ukuta wa kioo unazijibu zote mbili kabla hujagusa mlango.

Kumpa msanifu mkubwa kijengo kidogo cha barabarani si jambo jipya. Kibanda chekundu cha simu cha Uingereza kilitokana na shindano la 1924, na mshindi wake, Giles Gilbert Scott, wakati huo huo alikuwa anajenga kanisa kuu la Liverpool. Zamani zaidi, kuanzia 1875, London iliwajengea madereva wa magari ya farasi vibanda vya mbao vya kupumzikia na kupata chakula cha moto. Havikuruhusiwa kuzidi ukubwa wa farasi na gari lake, kwa kuwa vilisimama juu ya barabara yenyewe. Sharti hilo moja limeamua umbo lote, na vichache vilivyobaki bado vina vipimo vya farasi ambaye hayupo.

Turudi kwenye kioo. Ili kukielewa, usianze na umeme. Anza na karatasi na tone la mafuta.

Chukua karatasi nyeupe, dondoshea mafuta, kisha iinue dirishani. Palipolowa pamekuwa angavu kidogo; unaweza hata kuona kivuli cha kidole chako upande wa pili. Mafuta hayakuondoa chochote kwenye karatasi, yameongeza tu. Inakuwaje kitu kiongezwe na karatasi iwe wazi zaidi?

Nyuzi za karatasi, ukiuchukua mmoja peke yake, karibu ni angavu. Weupe unatokana na hewa iliyo kati yake. Mwanga ukiwa ndani ya uzi huenda polepole kuliko ukiwa hewani, na kila unapovuka mpaka wa vitu viwili vyenye mwendo tofauti, hupinda au hurudishwa. Mpaka mmoja si tatizo. Lakini ndani ya karatasi kuna mipaka isiyohesabika: uzi, hewa, uzi, hewa. Mwanga unapinda huku na huku mpaka unasahau ulikotoka, na macho yetu huuita mwanga wa namna hiyo weupe. Ndiyo sababu barafu iliyopondwa ni nyeupe ilhali bonge la barafu safi ni angavu. Mafuta yanafukuza hewa na kujaa mahali pake, na ndani ya mafuta mwanga huenda karibu kwa mwendo ule ule wa ndani ya uzi. Mipaka bado ipo, lakini mwanga hauioni. Unapita kama msafiri aliyevuka mpaka wa nchi usiku na hakuna aliyemwamsha.

Sasa fikiria karatasi ambayo unaweza kuitia mafuta na kuyaondoa kwa swichi. Hicho ndicho kioo chetu.

Katikati ya vipande viwili vya kioo kuna utando mwembamba wa plastiki. Ndani ya plastiki hiyo vimetawanyika vitone vidogo mno. Kwa kawaida unene wa unywele mmoja ungevimeza makumi kadhaa vikiwa kwenye foleni. Kila kitone kimejaa kitu kiitwacho fuwele za kimiminika, kile kile kilicho ndani ya skrini nyingi za simu na televisheni. Kinatiririka kama maji, lakini molekuli zake ni ndefu kama vijiti vya kiberiti na hupenda kulala zikielekea upande mmoja. (Aliyekigundua, 1888, alikuwa mtaalamu wa mimea kutoka Austria, Friedrich Reinitzer, akichunguza kitu kilichotoka kwenye karoti. Kilimshangaza kwa kuyeyuka mara mbili: kwenye joto la nyuzi 145.5 za Selsiasi kikawa kimiminika chenye ukungu, kwenye nyuzi 178.5 kikawa angavu. Kwa hiyo ukungu umekuwa kwenye hadithi hii tangu siku ya kwanza.)

Ajabu ya vijiti hivi ni kwamba mwanga ukivikuta kwa ubavu huenda kwa mwendo mmoja, na ukivikuta kwa ncha huenda kwa mwendo mwingine. Hapo ndipo hila yote ilipo. Mtengenezaji huchagua plastiki ambayo ndani yake mwendo wa mwanga unalingana na ule wa kuvikuta vijiti kwa ncha.

Bila umeme, kila kitone kina mwelekeo wake. Kimoja kimelala kaskazini, jirani yake mashariki, wa tatu kimeinama. Mwanga unapotoka kwenye plastiki na kuingia kitone, mwendo haulingani, kwa hiyo unapinda. Unatoka, unaingia kingine, unapinda tena. Ni karatasi kavu. Ukungu.

Ukipitisha umeme wa volti makumi kadhaa kati ya nyuso mbili za utando, vijiti vyote katika vitone vyote vinasimama wima, ncha zikikabili kioo, kama gwaride lililosikia amri. Sasa anayetazama kutoka mbele anavikuta vyote kwa ncha, mwendo unalingana na wa plastiki, na mipaka inatoweka. Karatasi imelowa mafuta. Unaona sinki.

Amri ikikoma, askari hawasubiri amri nyingine ya kutawanyika. Kila mmoja anarudi alikokuwa, kwa kuwa kuta za kitone chake ndizo zinazompangia pa kulala. Hakuna nguvu ya nje inayohitajika. Hiyo ndiyo sababu fundi wangu alikuwa sahihi kabla hata ya kujua jibu: mfumo uliobuniwa vizuri huangukia upande usioumiza mtu.

Niongeze tahadhari. Maelezo ya mradi wenyewe husema tu kwamba kioo kinapata ukungu mlango ukifungwa. Hesabu ya vitone na vijiti niliyoitoa ni ya vioo vya jamii hii kwa jumla. Uwazi wenyewe pia una kasoro. Ukikitazama kioo hiki kutoka pembeni sana, utaona utusitusi hata umeme ukiwa unapita, kwa sababu kutoka pembeni unavikuta vijiti kwa ubavu kidogo. Na ukungu si ukuta: mtu akiegemea kioo kwa ndani, kivuli cha bega lake huonekana, kama kidole nyuma ya karatasi. Isitoshe, usipofunga komeo, kioo hakijui kwamba umo. Kuhusu kama uwazi huu unawafanya watu wawe wasafi zaidi, mimi ningekuwa mwangalifu. Vyoo vya mradi huu husafishwa mara kadhaa kwa siku, na ni vigumu kuitenga kazi ya kioo na kazi ya mwenye ufagio.

Halafu kuna gharama ya kuchekesha. Kioo hula wati chache kwa kila mita ya mraba, si nyingi, lakini kinazila muda wote ambao hakuna mtu. Choo hiki hulipa umeme kwa kuwa kitupu. Wakati pekee ambao kuta zake zinapumzika ni ule ambao kinafanya kazi yake.

Lakini adui wake wa kweli si kukatika kwa umeme, ni baridi. Kumbuka kwamba kusimama kwa vijiti kunasukumwa na umeme, ilhali kurudi kwake hakusukumwi na kitu chochote cha nje. Kwenye joto la kawaida kurudi huko ni kufumba na kufumbua. Kwenye baridi, kimiminika kinakuwa kizito, kama asali iliyotoka kwenye jokofu, na askari wanaotawanyika wanatembea kwenye matope. Baridi inauchelewesha upande ule ule tunaoutegemea: kutoka uwazi kwenda ukungu. Umefunga komeo, umeanza kufungua mkanda, na kioo bado kinafikiri.

Hilo lilitokea. Majira ya baridi yalipofika kioo kikawa kinachelewa kugeuka, na waendeshaji wakachagua suluhisho ambalo rafiki yangu fundi angelipenda: walikata umeme na kukiacha na ukungu kutwa kucha. Kwa kipindi hicho choo cha Shigeru Ban kikawa ndugu wa kile kilichofunguliwa 2018 huko Ureddplassen, Norwe, kando ya barabara ya pwani ya Helgeland, chenye paa la zege lililojikunja kama wimbi na kuta za kioo cha ukungu wa kudumu. Nacho hung'aa usiku, na kwenye kioo chake hakuna waya hata mmoja.