Msaada wa chakula wa Serikali: Tanga mjini na Handeni vijijini

Dhana: TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) ni ya vijijini, wa mjini ajitegemee.

Ukweli: Mtaa unahesabika sawa na kijiji. Awamu ya kwanza ya mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini iliacha vijiji na mitaa mingi nje, na pengine uvumi ulianzia hapo. Awamu ya pili, iliyozinduliwa Februari 2020, ililenga maeneo yote. Majina hutajwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, kisha kaya huhojiwa kwa dodoso. Mtu wa mjini hukwamia mkutanoni. Handeni vijijini watu wanajuana mpaka idadi ya mbuzi. Makorora, Tanga mjini, mpangaji aliyehamia juzijuzi hakuna wa kumtaja asipofika mwenyewe. Dodoso nalo huangalia aina ya nyumba, hivyo mpangaji wa chumba kimoja anaweza kuhesabiwa bati na saruji ya mwenye nyumba wake.

Dhana: Walengwa wa TASAF hugawiwa mahindi.

Ukweli: Hupewa fedha, kwa mizunguko ya miezi miwili miwili, na sehemu yake hutegemea watoto kuhudhuria shule na kliniki. Kaya ya watu sita inayokula ugali mchana na usiku humaliza kama kilo tatu za unga kwa siku. Aliyevuna vizuri masika hununua unga miezi michache tu, ghala likiisha. Wa Ngamiani, Tanga mjini, hununua mwaka mzima, na juu yake mkaa, maji na kodi ya chumba, ambayo ruzuku haiiangalii.

Dhana: Ajira za muda za TASAF zinawalipa wote sawa.

Ukweli: Katika awamu ya pili ujira ulikuwa sawa, shilingi 3,000 kwa siku, na siku 60 kwa mwaka ni 180,000. Kuchimba lambo kiangazi, shamba likiwa limelala, hakumpotezei mkulima kitu kikubwa. Mama ntilie anayefunga jiko ili akazibue mitaro hupoteza wateja.

Dhana: Mahindi ya NFRA (Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula) ni ya bure.

Ukweli: Mara nyingi huuzwa kwa bei nafuu pale bei ya soko inapopanda. Ya bure ni ya maafa, na maombi hupitia kamati za maafa kuanzia kijijini au mtaani.

Dhana: Fedha ya TASAF isipoingia kwenye simu, umekatwa.

Ukweli: Kwanza angalia laini. Wazee wengi hutumia iliyosajiliwa kwa jina la mtoto au mjukuu, na jina lisipolingana na la orodha malipo hukwama. Peleka kitambulisho na namba kwa mtendaji kabla ya mzunguko unaofuata.