Je, wajua kwa nini benki huhangaika na mvua ya mkulima?

Ukiingia tawi la benki siku hizi, huenda ukaona kibandiko kinachokukumbusha kuzima taa na picha ya wafanyakazi waliovaa fulana mpya wakipanda miti. Si vibaya, lakini si hapo benki inapogusa mazingira. Benki haina bomba la moshi. Ina mikopo, na mikopo ndiyo inayojenga viwanda, kufyeka mapori na kununua malori.

Hata hesabu zake zipo. Kwa utaratibu wa PCAF, yaani ushirika wa taasisi za fedha unaopima hewa chafu inayotokana na mikopo, unaotumiwa na mabenki mengi duniani, kama asilimia 20 ya fedha zote zinazoendesha kiwanda cha saruji, hisa na madeni kwa pamoja, zimetoka benki fulani, basi asilimia 20 ya hewa chafu ya kiwanda hicho huandikwa kwa jina la benki hiyo. Jumlisha wateja wote, na hewa chafu ya umeme wa matawi itakuwa ndogo mno hata isionekane.

Sasa, kati ya maji, misitu, rushwa, siri za wateja na wanawake wasio na hati ya nyumba ya kuweka dhamana, lipi benki ilishughulikie kwanza? Benki makini hujiuliza maswali mawili. Jambo hili linaweza kututia hasara? Na sisi, kwa fedha tunazokopesha, tunawafanyia nini watu na mazingira? Viwango vya kimataifa vya kutoa taarifa za uendelevu, IFRS S1 na S2, vilivyotolewa Juni 2023 vinaegemea swali la kwanza, kwa kuwa viliandikwa kwa ajili ya mwekezaji. Vile vya GRI, shirika jingine la kimataifa la viwango hivyo, vinaegemea la pili. Umoja wa Ulaya unataka yote mawili yajibiwe.

Kisha wadau huulizwa: wanahisa, wateja, wafanyakazi, Benki Kuu, asasi za kiraia. Kila jambo hupewa alama, na yaliyopata alama za juu hupelekwa kwenye bodi. Hapa mimi nina shaka kidogo. Dodoso huwafikia watu ambao benki tayari inawajua. Anayechota maji mtoni chini ya kiwanda kilichokopeshwa si mteja, wala hana hisa, na mara nyingi hakuna anayempigia simu.

Kwa Tanzania, hali ya hewa lazima iwe juu ya orodha. Mvua ikikatika mahindi yakiwa yanabeba, mkulima hana cha kurejesha, na mkopo wake unaingia kwenye kundi la mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati. Hilo si suala la huruma, ni la vitabu vya hesabu. Ndiyo maana Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo wa hatari za tabianchi kwa mabenki mwaka 2021, na Benki Kuu ya Tanzania ikatoa wake mwaka 2022. Benki ya CRDB ya Tanzania, iliyoidhinishwa mwaka 2019 kupitisha fedha za Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, mfuko wa kimataifa wa kusaidia nchi zinazoendelea, ina mpango wa dola milioni 200 unaochanganya mikopo ya teknolojia za kilimo, kama umwagiliaji, na bima ya mazao.

Utekelezaji wenyewe hufanyika kwenye faili la mkopo. Chukua mfano wa mwenye kiwanda cha kusindika ngozi. Ngozi nyingi hutiwa kemikali zenye metali ya kromiamu ili isioze, na maji yake yakiachiwa mtoni ni balaa. Afisa mikopo huanza kwa kuupanga mradi: hatari kubwa, ya kati au ndogo. Huu ni wa hatari kubwa, kwa hiyo ataomba cheti cha serikali cha tathmini ya athari kwa mazingira, kisha ataenda kuona mwenyewe majitaka yanakotokea. Mkataba unaweza kusema awamu ya pili ya fedha haitoki mpaka mtambo wa kusafisha majitaka uwe unafanya kazi. Mteja akikaidi, fedha zilizobaki hazitoki.

Njia nyingine ni kutafuta fedha zenye kazi maalumu. Mwaka 2022 benki ya NMB ya Tanzania iliuza hatifungani (hati ya deni ambayo mnunuzi huikopesha benki kwa riba) iitwayo Jasiri kwa ajili ya kukopesha biashara za wanawake. Ilitafuta shilingi bilioni 25, ikapata zaidi ya bilioni 74. Mwaka uliofuata hatifungani ya kijani ya CRDB ililenga bilioni 40, ikavuna zaidi ya 171. Fedha za namna hii haziwezi kwenda kokote. Benki hutoa taarifa ya miradi iliyozipokea.

Panapokwama, kwa maoni yangu, ni kwenye bonasi. Afisa anayelipwa kwa wingi wa mikopo aliyotoa hatakuwa na haraka ya kwenda kutazama mfereji wa majitaka, hata kama bodi imeandika maji namba moja. Baadhi ya mabenki yameanza kuingiza malengo ya uendelevu kwenye upimaji wa utendaji wa wakubwa wao. Mwenye hisa, hata kama ni chache, anaweza kuuliza kwenye mkutano mkuu: mwaka huu ni maombi mangapi ya mikopo yaliyokataliwa kwa sababu za mazingira, na ya sekta ipi?