Kaboni 14 na mwani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mbinu ya kupima uzalishaji wa mwani majini kwa kaboni 14, yaani kaboni yenye mionzi, ilichapishwa mwaka 1952 na Einer Steemann Nielsen wa Denmark. Sampuli ya maji hutiwa bikabonati ya sodiamu yenye kaboni 14, chupa ikakaa kwenye mwanga saa kadhaa, mwani ukachujwa, kisha ikapimwa kaboni ya mionzi iliyoingia mwilini mwake. Maelezo ni mepesi, na labda ndiyo maana watu hurahisisha mno.

Dhana: Maji yakiwa kijani, uzalishaji ni mkubwa. Kaboni 14 ya nini?

Kijani huonyesha mwani uliopo. Uzalishaji ni kasi ya kutengeneza kaboni mpya. Planktoni za mimea baharini, yaani mwani mdogo unaoelea, ni sehemu ndogo sana ya uzito wa mimea yote duniani, lakini hufanya karibu nusu ya usanisinuru wote, kwa kuwa huzaliana haraka na kuliwa haraka. Maji yanaweza kuonekana matupu huku kazi ikiendelea.

Dhana: Mashine ikishahesabu, jibu limepatikana.

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mashine huhesabu vimweko vya mwanga vinavyosababishwa na mionzi ndani ya kimiminika maalumu, basi. Kuvigeuza kuwa miligramu za kaboni kunahitaji kujua kwanza maji yalikuwa na kaboni isokaboni (kaboni dayoksaidi, bikabonati na kabonati zilizoyeyuka) kiasi gani, na hiyo hukokotolewa kutokana na ualkali (uwezo wa maji kuzimua asidi), pH na halijoto. Baharini huwa karibu miligramu 25 kwa lita. Maziwa hutofautiana sana, kwa hiyo kunakili tarakimu ya bahari ni kujidanganya: ukiizidisha mara mbili, na uzalishaji wako umezidi mara mbili. Kisha kuna kuzidisha kwa 1.05, kwa sababu kaboni 14 ni nzito kidogo na mwani huichukua polepole kuliko ile ya kawaida.

Tazama pia asidi. Chujio huwekwa kwenye mvuke wa asidi hidrokloriki ili bikabonati iliyobaki juu yake itoke kama kaboni dayoksaidi, ibaki iliyomo ndani ya seli tu. Lakini kile kichupa cha kupimia jumla ya mionzi uliyotia kinatakiwa kitiwe besi. Ukikitia asidi, mionzi inapeperuka, jumla unayogawia inaonekana ndogo, na mwani wako unageuka hodari ghafla.

Dhana: Chupa ya giza, ile inayofunikwa isipate mwanga, lazima isome sifuri.

Haisomi. Bakteria, na mwani wenyewe, huchukua kaboni kidogo hata gizani. Ndiyo maana chupa hiyo ipo: kinachoonekana humo huondolewa kwenye chupa ya mwanga.

Dhana: Jibu ni uzalishaji halisi, bila ubishi.

Linategemea muda. Saa chache hukaribia uzalishaji ghafi, yaani kaboni yote iliyotengenezwa. Kadiri muda unavyorefuka, mwani huanza kupumua kaboni ileile uliyoifyonza, na jibu huelekea kwenye uzalishaji wavu, yaani inayobaki baada ya kupumua. Sehemu nyingine huvuja ikiwa imeyeyuka na kupita kwenye chujio. Binafsi, ripoti isiyotaja muda wa chupa kukaa kwenye mwanga siiamini.

Dhana: Ni mionzi, kwa hiyo unahitaji kuta za metali ya risasi.

Kaboni 14 hutoa chembe za beta dhaifu, zisizosafiri hata sentimita 35 hewani. Plastiki nyembamba huzizuia. Hatari yake ni kuimeza au kuivuta puani, hasa kwenye ile hatua ya asidi, ndiyo maana hufanyiwa ndani ya kabati la kufyonza mvuke. Kipima mionzi cha mkononi huigundua kwa shida, kwa hiyo meza hufutwa kwa karatasi na karatasi hiyo ndiyo hupimwa kwenye mashine. Na kwa kuwa huchukua takriban miaka 5,730 kupungua hadi nusu, huna haja ya kusahihisha kupungua kwake wakati wa jaribio, lakini pia huwezi kuweka taka zake stoo ukisubiri zipoe. Mpango wa kuzitupa unatangulia chupa ya kwanza.