Choya: ua liache lianguke

Wengi wanaokuja kwangu kuchukua mbegu za choya, au rozela kama wengine wanavyoiita, hudhani watavuna maua. Ua la choya huishi siku moja tu. Linafunguka asubuhi, la njano hafifu lenye jicho jekundu katikati, na jioni limeshasinyaa. Liache lianguke. Kile kinachouzwa sokoni kama "maua ya choya" ni sepali, yaani kikombe kinachoshika ua kwa chini. Ua likishaanguka ndipo kikombe hunenepa, na baada ya wiki tatu hivi kinakatika kwa mkono.

Kosa ninalolikuta mara nyingi shambani, na mimi nililifanya, ni kuchelewa kupanda. Choya huchanua kwa kufuata urefu wa usiku, haijali ina umri gani. Hapa Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Mwaka wangu wa kwanza nilipanda Februari, nikijiambia mvua bado ipo. Kuelekea Aprili usiku ukarefuka, nayo choya ikaanza kuzaa ikiwa bado inanifika magotini! Vikombe vya shina moja nilivihesabu kwa vidole. Jirani aliyepanda na mvua za kwanza alikuwa na vichaka vinavyompita urefu. Hakuna mbolea inayorudisha wiki hizo.

Nafasi ni mita moja kati ya mistari, sentimita 50 hadi 60 kati ya mashina. Mche ukifika goti, kata ncha utoe matawi. Samadi iliyooza inatosha. Ukizidisha urea utavuna majani. (Majani nayo ni mboga chachu, Wakongo wanaiita ngaingai, ila hukulima kwa ajili hiyo.) Maji yakituama, shina huoza usawa wa udongo.

Choya ni ndugu wa bamia na pamba, na undugu huo una gharama. Usiipande palipotoka bamia, kwa sababu minyoo fundo, vijiminyoo vinavyovimbisha mizizi, imebaki ardhini ikisubiri. Kangambili, wadudu wekundu wanaofyonza mbegu, nao huja mbegu zikianza kukomaa, hasa shamba likiwa karibu na mbuyu. Mimi huwakung'utia kwenye ndoo ya maji ya sabuni asubuhi. Sipulizi sumu kwenye kitu kinachokwenda moja kwa moja kwenye sufuria ya juisi.

Vuna umande ukishakauka, kabla tumba la mbegu halijawa gumu. Kulitoa, chukua kipande cha bomba jembamba la chuma kilichonolewa mdomo, ukisukume kupitia upande wa kikonyo. Tumba linatoka, kikombe kinabaki kizima. Anika kivulini juu ya chaga, si chini, maana mnunuzi akikuta mchanga harudi. Kilo 10 mbichi hutoa kama kilo moja kavu. Iliyokauka sawasawa huvunjika ukiikunja, na rangi yake bado ni damu ya mzee. Ikijikunja kama ngozi, irudishe chagani.