Daktari Mwenye Marejeleo Elfu Mbili

Mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, alinionyesha simu yake. Kijana wake alikuwa amemtafutia daktari mtandaoni, na pembeni ya jina la daktari huyo kulikuwa na maandishi: marejeleo 2,140. "Huyu si ndiye bingwa, mwanangu?" Nikamwambia, "Mama, huyu anatajwa sana na wenzake. Kama anajua kutibu, hiyo namba haisemi."

Kazi yangu ni kutunza kumbukumbu za machapisho ya watafiti wa afya hapa Mwanza, na swali lake huulizwa hata na wasomi. Mtafiti huandika makala katika jarida. Mwenzake akiitaja katika makala yake, hilo ni rejeleo moja. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alibuni kipimo cha h, ambacho siku hizi hutazamwa watu wanapopandishwa vyeo. Chukua mtu mwenye makala tano zilizotajwa mara 40, 12, 6, 4 na 1. Anazo makala nne ambazo kila moja imetajwa angalau mara nne, basi h yake ni 4. Aliyeandika makala moja tu ikatajwa mara elfu, h yake ni 1. Ndiyo, moja.

Lakini kutajwa si kusifiwa. Mwaka 1998 Andrew Wakefield na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet makala kuhusu watoto 12, wakihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji. Jarida liliifuta mwaka 2010. Makala hiyo imetajwa zaidi ya mara elfu moja, na wengi wa walioitaja walikuwa wakiikosoa. Mashine ya kuhesabu haina habari. Tusi na sifa kwake ni rejeleo lile lile.

Mfano wa heshima zaidi tunao hapa hapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti walichagua jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza. Katika sita, wahudumu wa vituo vya afya na zahanati walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, na dawa zikahakikishwa zipo. Matokeo yalitoka Lancet mwaka 1995: maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40 kulinganisha na jamii sita nyingine. Kisha mwaka 1999 wenzetu wa Rakai, Uganda, ambako waliwapa watu wote dawa nyumba kwa nyumba, wakaripoti kwamba hawakuona tofauti katika maambukizi mapya ya VVU. Ubishi ukawaka: janga lilikuwa limefika hatua tofauti? Magonjwa ya zinaa yenyewe yalitofautiana? Kila aliyeingia kwenye ubishi huo alilazimika kuzitaja kazi zote mbili. Namba zikapanda kwa sababu swali lilikuwa gumu, na kwa maoni yangu hiyo ni sababu nzuri kuliko nyingi ninazoziona.

Sababu nyingine hazinifurahishi. Kuna makala za kimataifa zenye waandishi mamia. Jina lako likiwa katikati, unavuna marejeleo yote sawa na aliyeandika. Kwa hiyo tazama nafasi ya jina. Katika tiba, wa kwanza kwa kawaida ndiye aliyebeba kazi, na wa mwisho ndiye kiongozi wa timu. Tazama na fani pia: anayechunguza kichocho cha visiwani Ukerewe ana wenzake wachache wa kumtaja kuliko anayechunguza saratani. Na usilinganishe namba ya Google Scholar na ya Scopus, mitandao miwili inayohesabu marejeleo, maana ile ya kwanza huhesabu hata tasnifu na ripoti. Halafu muuguzi wa zahanati anayetibu kwa mwongozo uliotokana na utafiti fulani haandiki makala, kwa hiyo hahesabiwi popote.

Yule mama alinisikiliza huku akipima dagaa. "Na sisi tuliotoa kinyesi na damu kwa watu wa kichocho, tumeandikwa wapi?"

Nikamfungulia makala moja ya kichocho, sehemu ya mbinu, nikamwonyesha idadi ya washiriki. Majina hayaandikwi, nikamweleza, ili siri ya mtu ibaki yake. Akaitazama ile namba kwa muda.

"Kwa hiyo na mimi nimo humo kama namba," akasema, akamgeukia mteja.